Sehemu ya Mwisho ya Walinzi wa Zohali

Jumamosi hiyo soko la mji wa Hull, Uingereza, lilikuwa limejaa hadi milangoni, watu wamekimbia mvua. Kwenye meza ya kanda kuukuu za video, mikono miwili ilishika sanduku moja kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ulikuwa wa Lyle, fundi wa miwani mwenye sweta lililokosa kifungo. Wa pili ulikuwa wa Maxine, na Maxine hakuwa na nia ya kuliachia.

"Samahani, dada, nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona, hujaishika. Unajua hata ni nini?"

"Walinzi wa Zohali, ile tamthilia ya zamani ya televisheni. Wanasafiri miaka mia angani, wakitua, sayari yenyewe ni machimbo ya kokoto."

Maxine alicheka. Alivaa koti la rangi ya haradali na buti zilizolowa, na kicheko chake kilimfanya muuzaji ainue kichwa. "Na lile zimwi lao ni zulia la bafuni," alisema. "Zipu inaonekana mgongoni!"

Wakanunua nusu kwa nusu, wakaenda kunywa chai. Lyle hakurudi kazini siku ile, na mimi simlaumu.

Rafiki wa Lyle, Nev, aliishi juu ya duka la samaki na chipsi, na alimiliki maikrofoni mbili na sofa moja. Ndiye aliyetoa wazo la podikasti. Kila Jumapili mchana watatu hao walikaa pale, harufu ya siki ikipanda kutoka chini, wakatazama sehemu moja na kuisema vibaya. Walicheka kuta za kadibodi zinazotikisika, na kapteni anayesahau maneno yake na kukohoa ili apate muda. Wasikilizaji walifika elfu tatu. Sheria ilikuwa moja tu: hakuna kutangulia. Kila sehemu itazamwe kwa mara ya kwanza hapo, wote pamoja, maikrofoni zikiwa wazi. Zile kanda ziliishia sehemu ya hamsini, kwa hiyo Nev alitafuta diski ya sehemu mbili za mwisho, akaifungia kabatini.

"Mpenzi, tukimaliza sehemu ya hamsini na mbili tutafanya nini?" Maxine aliuliza siku moja kwenye simu.

"Utaona."

"Wee, usinifiche! Sema basi."

"Hakuna kutangulia, bibie."

Lyle alikuwa amekwisha kununua pete ya uchumba. Alipanga kuitoa palepale kwenye sofa, maikrofoni zikisikia. Hakuna aliyejua.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya sehemu ya mwisho, mama yake Maxine, Doreen, aliambiwa na daktari kwamba zimebaki siku chache. Lyle alijua mama anaumwa saratani, lakini habari ya siku chache hakuambiwa, kwa sababu Doreen alikataza. "Sitaki mtu aje kunililia kitandani," alisema. Aliisikiliza podikasti yao kila wiki kwa spika za masikioni, akacheka hadi wauguzi wakamkemea. Alikuwa na deni moja na Walinzi wa Zohali. Mwaka sabini na nne, akiwa na miaka kumi na moja, umeme ulikatwa kwa sababu ya mgomo wa wachimba makaa wakati sehemu ya mwisho inaanza. Haikurudiwa, naye hakupata kuiona kamwe.

Maxine alimwomba Nev diski, akamweleza sababu, akamwapisha anyamaze. Akaitazama na mama yake wodini, kwenye kompyuta ndogo juu ya blanketi. Doreen alicheka mpaka akaomba maji.

Jumapili ikafika. Lyle alikuwa na pete mfukoni. Kwenye skrini, kapteni alisimama mlangoni kutoa hotuba ya kuaga. Maxine alicheka. Kisha, na kisha tu, mlango wa kadibodi ukamwangukia kapteni.

Lyle akasimamisha picha. "Umeshaiona."

"Lyle..."

"Umecheka kabla mlango haujaanguka! Diski ilikuwa kwa Nev." Akamgeukia rafiki yake, na Nev akatazama zulia. Wivu ukamshika Lyle vibaya. "Kumbe! Mmekuwa mkikutana hapa bila mimi?"

"Acha hizo, kaka," Nev alisema. "Si hivyo."

"Nev alinipa diski, ndiyo," Maxine alisema. "Siwezi kukwambia sababu leo. Niamini tu."

"Sababu naiona imekaa kwenye sofa."

Akashuka ngazi bila koti. Mpumbavu yule! Jumatatu simu yake iliita mara mbili, Jumanne mara nne, zote namba ya Maxine. Aliitazama ikiita, akaigeuza kifudifudi juu ya meza ya lenzi.

Alhamisi Nev alimfuata kazini, akamweleza yote wakiwa wamesimama. Doreen alikuwa amefariki alfajiri ya Jumatano.

Maxine hakupokea tena simu za Lyle. Walionana kwenye mazishi, wiki mbili baadaye, katika ukumbi wenye chai na mikate ya nyama. Maxine alivaa gauni jeusi la kuazima, kubwa mabegani.

"Nisamehe, mpenzi."

"Nimekusamehe. Nilivunja sheria, nami najua." Aliongea polepole. "Zile simu za Jumanne hazikuwa zangu. Mama alikuwa ameshika simu yangu. Alitaka kubishana nawe juu ya kapteni. Alisubiri miaka hamsini kupata mtu wa kubishana naye."

Lyle akafunika uso. "Angeacha ujumbe tu..."

"Hakupenda kuongea na mashine."

"Maxine, nilikuwa na pete. Ninayo hata sasa. Nioe... nikuoe, tafadhali."

"Usiitoe." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Unanijua mpaka unatambua kicheko changu kimewahi. Hakuna mwingine duniani angetambua. Ukatambua, na hukuuliza nina nini. Ningeishi na hilo kila siku, Lyle. Siwezi."

Alimwomba kitu kimoja tu, wamalize sehemu ile kwa heshima ya mama yake. Jumapili iliyofuata wakakaa kwenye sofa, Nev katikati. Maxine alimsema kapteni, koti lake na ule mlango bila huruma, Lyle akamjibu, Nev akacheka mpaka akakohoa. Mwisho Maxine akasogea kwenye maikrofoni.

"Kwaherini nyote. Kwaheri, Lyle."

Akavaa koti la haradali, akashuka. Wasikilizaji walidhani ni mzaha. Waliandika kwamba hawajawahi kucheka vile, wakauliza watatu hao wataanza lini tamthilia nyingine. Lyle aliwajibu mmoja mmoja kwamba kipindi kimekwisha.