Salamu za Mmoja Mmoja

Mimi si mwoga. Kazi yangu ni kusalimiana na watu nisiowaona, na mtu mwoga haiwezi kazi hiyo. Ningekuwa mwoga ningeshona nguo.

Jua lilikuwa linazama. Nilikuwa nimetoka kununua betri za saa ya studio, maana ilikuwa imeganda tangu asubuhi na kipindi changu cha salamu kilikuwa karibu kuanza. Napanda ngazi za kituo chetu cha redio, simu ikaita. Mama.

Mama anakaa peke yake nyuma ya kilima tangu baba afariki. Kilima kile kinakata mawimbi yetu. Miaka yote niliyotangaza, mji mzima ulinisikia isipokuwa aliyenizaa. Basi kituo kilipounganisha redio na intaneti nilifurahi kuliko mwenye kituo. Nilimnunulia Mama simu ya kioo kikubwa, nikamwekea programu yetu, nikamwonyesha pa kubonyeza. Siku ya kwanza aliponisikia alilia.

Halafu fundi mitambo wetu, tunayemwita Waya kwa wembamba wake, akaja na lake. Alitaka kila msikilizaji wa mtandaoni asalimiwe kwa jina lake, kwa sauti yangu, hata kama mimi nimelala. Akanifungia kwenye kile kichumba chenye mazulia ukutani, nikasoma maneno mchana kutwa, mashine ikajifunza sauti yangu.

"Tayari, Kasuku," akasema. Kasuku ndilo jina langu hewani. "Sasa hata ukifa hatuna wasiwasi."

Tulicheka sana siku ile.

Pale ngazini nikapokea simu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Subiri hapo hapo mlangoni, Kitinda, natafuta funguo. Sijui nimeziweka wapi."

Kitinda ni mimi, kitinda mimba wake.

"Mlango gani, Mama?"

"Si umepiga hodi?"

"Mimi niko kazini."

Nilisikia pumzi yake... kisha nyuma ya pumzi yake, kwa mbali, kuni zikigongwa. Ngo. Ngo. Ngo. La, hazikuwa kuni. Ulikuwa mlango.

"Hodi, Mama."

Ilikuwa sauti yangu.

Nilijipa moyo kwamba ni programu ya kituo imejiwasha. Lakini simu ni hiyo hiyo moja, na Mama alikuwa ameishika sikioni akiongea na mimi. Betri zikanidondoka.

"Mama, nisikilize. Usifungue. Huyo si mimi."

Akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

"Najua."

"Unajua? Sasa funguo za nini?"

"Wewe ukija nasikia pikipiki kuanzia kule chini. Huyu hana kelele." Akakohoa kidogo. "Wiki nzima ananiita, Kitinda. Ukimaliza salamu zako, anabaki. Ananiuliza nimekula nini. Ananiuliza mguu unaendeleaje. Wewe, baba yangu, unaongea na watu wote. Huyu anaongea na mimi tu."

"Mama, nakuja. Nakuja sasa hivi, kaa mbali na..."

Nikasikia funguo zikilia.

Simu ikakatika.

Nilimkuta Waya studioni, amejaza mdomo mkate. Nikamwambia aizime ile mashine ya salamu.

"Ile? Nimeizima tangu wiki iliyopita. Ilikuwa inakosea majina ya watu."

"Ilikuwa inaweza kumuuliza mtu amekula nini?"

"Haina akili hiyo. Jina na habari za jioni, basi."

"Na kubisha hodi je?"

Akaacha kutafuna. "Kasuku, kaka... mashine ibishe hodi kwa mkono gani?"

Hakuuliza tena. Alinipa ufunguo wa pikipiki yake, akaweka muziki hewani, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu anikutanishe naye akiwa hai. Sikuomba kingine. Laiti ningejua, ningeomba zaidi.

Giza lilikuwa limeshaingia nilipofika. Mlango umeegeshwa, mwanga mwembamba unatoka. Harufu ikanipokea kabla ya mtu: vumbi lililopata moto, kama redio kubwa ya zamani iliyowashwa kutwa. Na ndani, Mama alikuwa anacheka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu tumzike baba.

Nikasimama nje ya mlango.

"Hodi," nikasema.

Kicheko kikakatika.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Kitinda."

Akatoka na taa mkononi, amevaa nguo zake za kwendea harusini. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo. Akainua taa akaniangalia usoni vizuri, bila haraka, kwa adabu zote.

"Karibu, baba. Unamtafuta nani?"

"Mama... ni mimi."

"Nisamehe, mgeni, siwezi kukukaribisha ndani." Alinong'ona kwa upole. "Mwanangu amekuja leo. Hana nafasi mara nyingi, ana kazi nyingi. Pita kesho."

Nyuma yake, gizani, sauti yangu ikauliza, tulivu, haina hata chembe ya uchovu:

"Nani huyo, Mama?"

"Mpita njia tu, mwanangu."

Akafunga mlango polepole, asije akaniumiza vidole.

Nimekwenda tena mara nyingi, mchana kweupe. Ndani simkuti mtu mwingine. Simu niliyomnunulia imezimika siku nyingi, chaji haiingii. Mama amenenepa, majirani wanamsifia. Ananipa kiti cha wageni, ananisimulia habari za mwanawe mtangazaji anayemtembelea kila jioni, nami nakaa nasikiliza, nalia moyoni.

Juzi aliniinamia akanitazama kwa huruma.

"Sauti yako imekauka, baba. Mwanangu ana sauti nzuri, lakini yako imekauka. Unaumwa?"

Nikamjibu kwamba ni uchovu wa safari.