Goti la Mzee Nikolao na Kamba ya Mbwa

Zamani za Waingereza, mzee Nikolao alilima muhogo na korosho katika kijiji kimoja cha Newala. Alikuwa na mke, Maria, na mbwa mwekundu aliyeitwa Karani. Kila alfajiri mzee na Karani walizunguka shamba kufukuza nguruwe. Wakiachwa, nguruwe humaliza muhogo wote, na nyumba ikalala njaa.

Ujanani Nikolao alikuwa mwindaji. Nani angemshinda kwa kutembea? Lakini sasa goti lake la kushoto liliuma, hasa asubuhi. Aliona aibu. Hakumwambia mtu, hata Maria. Alianza kuondoka gizani ili watu wasimwone akichechemea. Alijifunga kamba ya mbwa kiunoni, na penye mwinuko Karani alimvuta. Akirudi, alilala mpaka jioni.

"Nimechoka kidogo tu," alisema.

Siku moja nguruwe alikurupuka kichakani. Karani akaruka. Kamba ikakaza, na mzee akaanguka kifudifudi. Kwa bahati kamba ilikatika. Alijaribu kusimama, goti likakataa. Akaanza kutambaa kama mtoto.

Wa kwanza kufika alikuwa Arthur, mume wa binti yake Isabela. Afadhali angefika mtu mwingine yeyote! Kwetu mtu na baba mkwe wake huheshimiana sana. Hawatazamani ovyo, wala hawagusani. Arthur alipomwona mzee chini, nguo imepanda na udongo mdomoni, aligeuka upesi akampa mgongo.

"Shikamoo, baba," alisema, akiitazama mikorosho.

"Marahaba," mzee alijibu kutoka chini.

Kisha Arthur akakimbia kumwita Maria. Mzee alitamani ardhi ipasuke immeze.

Maria alikuja na jirani yao, Bi Stamili, mkunga aliyefundishwa kazi hospitalini. Walimwinua, wakamkalisha. Goti lilikuwa limevimba.

"Baba Isabela, goti limeanza lini kuuma?" Bi Stamili aliuliza.

"Leo tu."

"Leo!" Maria alisema kwa hasira. "Tangu masika namsikia akiguna kitandani. Nilinyamaza kwa kumwonea haya."

Mzee aliinamisha kichwa. "Ningesemaje? Kwamba Nikolao amekwisha?"

"Hujaisha, umezeeka," alisema Bi Stamili. "Maungio ya mzee hukakamaa usiku. Wewe unaamka na kupanda mlima papo hapo, na mbwa anakuvuta. Kisha unalala kutwa, yanakakamaa tena."

"Basi niache kutembea?"

"Pumzika mpaka uvimbe upungue, kisha utembee kidogo kidogo. Kabla ya kuinuka, kunja na kunyoosha miguu pale pale kitandani. Kanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto, yasiwe ya kukuunguza. Ngoja kupambazuke, upite njia ya tambarare. Na ushike fimbo kwa mkono wa kulia."

"Goti bovu ni la kushoto!"

"Ndiyo maana. Fimbo ya kulia itaupunguzia uzito mguu wa kushoto. Kamba ya mbwa usijifunge tena. Na goti likivimba tena likawa la moto, au ukipata homa, nenda hospitali upesi."

Uvimbe ulipopungua, mzee alitoka jua likichomoza, fimbo mkono wa kulia, na kamba ya Karani, iliyoungwa upya, mkono wa kushoto. Wanawake waliokuwa wakienda kuteka maji walimsalimu. Aliitikia macho yakiwa chini. Njiani alimwona Arthur na jembe begani. Arthur akaanza kugeuka.

"Arthur, usinipe mgongo," mzee alisema. Akamnyoshea kamba. "Mbwa ananishinda nguvu. Nisaidie."

Arthur aliipokea kamba kwa mikono miwili. Tangu siku ile walizunguka shamba pamoja, Arthur na Karani mbele, mzee na fimbo yake nyuma. Goti halikupona kabisa, lakini maumivu yalipungua, na muhogo ulivunwa.

Asubuhi moja, Arthur alisimama na kujishika kiuno.

"Una nini?" mzee aliuliza.

"Si kitu, baba. Nimechoka kidogo tu."

Mzee alimtazama usoni bila kugeuza macho.

"Nenda kwa Bi Stamili leo hii," alisema. "Usingoje mpaka utambae."