Mbao ya Mlango wa Kushoto

Heron mpya, gari la mlango mrefu, iliibwa Jumapili kwenye karakana ya Tasker ya kuunda magari. Jumatatu asubuhi ilipatikana chini kabisa ya Barabara ya Machimbo, kando ya ukuta wa kanisa, imefunikwa turubai. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Geti la karakana halikuvunjwa, kufuli lilikuwa zima, na redio ilikuwa mahali pake.

Inspekta Alun Prosser hakuupenda wizi wa namna hiyo. Mwizi anayevunja kioo anaeleweka. Huyu alikuwa amelifunika gari lisilowe.

Conrad Tasker, mwenye karakana, alikuwa akilizunguka kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka. Alieleza kwa pumzi moja kwamba lilikuwa lipande meli Jumatano kwenda Norwe, na kwamba lilikuwa la kwanza la aina yake. Karakana yake ilijulikana kwa Heron ndogo ya silinda nne, na ile ya silinda sita, na ile ya mashindano isiyo na milango kabisa, ambayo mafundi waliiita beseni. Hii ya mlango mrefu ilikuwa mpya.

"Nani ana ufunguo wa geti?" Prosser aliuliza.

"Nusu ya mji. Babu yangu aliwagawia mafundi wote, nami sijawahi kumnyang'anya mtu."

"Hata waliostaafu?"

"Ningeanzaje kuwadai, Inspekta? Wangenicheka."

"Tangi lina mafuta?"

"Kavu. Hatutii mafuta mpaka siku ya kukabidhi."

Prosser aliinua macho kutazama mlima. Mabanda ya Tasker yalishuka ngazi kwa ngazi, la seremala juu, la rangi katikati, la kukabidhi chini, na magari yalisukumwa kwa mikono kutoka banda hadi banda. Kila mtu pale alijua kwamba gari lililosahauliwa kufungwa breki lingefika kanisani kabla ya kasisi.

"Hawakuliendesha," alisema. "Waliliachia likateremka. Kulipandisha ndiko kulikowashinda."

Sajenti Imogen Beddoes, aliyekuwa akipiga picha eneo la tukio, alicheka. "Wezi wavivu, mkuu."

"Au wazee," alisema Prosser.

Alama za vidole hazikumsaidia. Gari la kutengenezwa kwa mikono lina alama za kila aliyeligusa, na hilo lilikuwa limeguswa na karakana nzima. Basi akalipandisha kwa lori, akamwita Bronwen Yapp, mshonaji wa ngozi, alikague ndani.

Bronwen alipitisha kidole kwenye viti, akapitisha kwenye mlango wa kulia. Kwenye mlango wa kushoto kidole kikasimama, kisha kikaendelea kama hakikusimama.

"Kila kitu sawa," alisema.

"Mshono huu ni wako?"

"Ni wa karakana."

"Sikukuuliza hivyo, Bronwen."

"Ni mshono mzuri. Andika hivyo, kisha uniache nifanye kazi."

Prosser alipiga magoti akailinganisha milango miwili. Upande wa kulia uzi ulikwenda mbele moja kwa moja. Upande wa kushoto kila pito lilirudi nyuma kidogo kabla ya kuendelea, kama mtu anayerudi kuhakikisha amefunga nyumba. Akamwomba Bronwen aifungue ngozi. Alikataa. Tasker akaifungua mwenyewe.

Mwili wa Heron ni bati jembamba lililovishwa juu ya kiunzi cha mti wa ashi. Kiunzi chote huchovywa kwenye dawa ya kuzuia kuoza, kikatoka na rangi ya chai ya rangi. Mbao zote za mlango ule zilikuwa za rangi hiyo, isipokuwa ile ndefu ya chini. Hiyo ilikuwa nyeupe kama mkate, imeungwa bila uwazi wa hata unywele, na mifuo ya vichwa vya skrubu zake yote imesimama wima, sambamba.

Tasker aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ni Wilf," alisema. "Wilf Gittins. Hakuna mwingine anayezisimamisha skrubu hivyo. Anasema iliyolala ovyo humnyima usingizi."

"Na mbao ya kwanza ilikuwa ya nani?"

"Yake pia."

"Kwa hiyo ameiba gari ili atoe mbao yake na kutia nyingine yake."

"Nitamshtaki," alisema Tasker, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Sijui ni kwa nini amefanya hivi, ila nitamshtaki."

Prosser alipanda hadi banda la juu. Wilf Gittins alikuwa mezani pake, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe, akipiga randa. Uzi wa mbao ulitoka mrefu, haukukatika. Prosser aliuangalia hadi mwisho kabla ya kusema neno.

"Jumapili ulikuwa wapi, mzee Wilf?"

"Kazini."

"Jumapili karakana hufungwa."

Wilf alifikiri. "Ndiyo maana palikuwa kimya," alisema. "Nikashangaa, hawa wapiga kelele wamekwenda wapi. Na Nesta, mke wangu, aliniletea chai. Kwa kawaida haji." Akamtazama Prosser kwa wema. "Wewe umekuja kuchukua ile ya silinda nne?"

"Hapana. Mimi ni polisi."

"Kazi nzuri. Watu wanahitaji polisi."

Nyundo zilikuwa zimenyamaza banda zima. Prosser aliitazama meza. Kila kifaa kilikuwa kimechorewa mstari wa chaki kuonyesha mahali pake, na kwenye kila mbao kulikuwa na kishale kilichoonyesha upande wa juu. Haukuwa mwandiko wa mtu mmoja. Fundi mmoja wa bati alikuja bila kuitwa, akaichukua randa iliyokuwa imewekwa chini, akairudisha mkononi mwa Wilf, akamwambia acha uvivu, bibi arusi wewe, mlango unangoja. Wilf akamjibu kwamba hata akilala atamshinda, akaendelea kupiga randa.

"Umekuja kuchukua ile ya silinda nne?" alimuuliza Prosser tena.

"Bado," alisema Prosser. "Nitangoja."

Nje, Bronwen alikuwa amesimama na mikono kifuani.

"Tangu lini?" Prosser alimuuliza.

"Tangu majira ya baridi. Anasahau majina, anasahau njia ya nyumbani, tunapokezana kumrudisha. Mikono haijasahau kitu." Akafuta pua kwa mkono wa koti. "Ule mshono ni wa aliyenifundisha. Kamuulize mwenyewe. Unajua anapoishi."

Nesta Gittins, mshonaji wa Tasker aliyestaafu, aliishi nyumba ya tatu kutoka kanisani, yenye banda la mbao ubavuni. Alifungua mlango kabla Prosser hajagonga mara ya pili. Alikuwa mfupi, na sindano bado imechomekwa kwenye ukosi wa sweta.

"Nilidhani mngekuja asubuhi," alisema. "Chai imepoa, nitachemsha nyingine."

"Bibi Nesta, huna lazima ya kusema chochote. Lakini ukisema, kinaweza kutumika kama ushahidi."

"Najua, nina televisheni. Maziwa?"

"Tafadhali."

Jikoni, kando ya mlango wa stoo, palikuwa na ukanda wa ukuta usio na rangi, kuanzia sakafuni hadi kifuani pa mtu. Juu ya meza kitu kirefu kilikuwa kimelazwa chini ya taulo safi.

"Ni hicho?" Prosser aliuliza.

Nesta akakifunua. Ilikuwa mbao ya ashi iliyochovywa dawa, imechongwa ncha zote mbili kwa viungo vya mlango. Ukingo mmoja ulikuwa haujapigwa randa, na juu yake palikuwa na mikato midogo ya kisu.

"Ulifanya peke yako?"

"Mimi ndiye niliyepanga. Wilf alidhani ni siku ya kazi. Usimwandike."

"Mliliteremsha vipi?"

"Aliliachia breki, mimi nikashika usukani. Nimekaa kwenye magari hayo miaka thelathini nikishona, hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza." Karibu atabasamu. "Nilifumua ngozi, yeye akabadilisha mbao, mimi nikashona. Kisha tukasukuma kulirudisha. Tulifika kwenye sanduku la posta. Kifua chake kikaanza kupiga filimbi, nikaogopa. Tukaliacha lirudi hadi ukutani, nikalifunika. Ngozi ile haipendi mvua."

"Mbao hii ni ya nini, Nesta?"

Alimmiminia chai, akamsogezea keki ya matunda ambayo hakuomba.

"Tulikuwa na binti," alisema. "Tamsin. Kila siku yake ya kuzaliwa Wilf alimsimamisha hapo, akakata alama juu ya kichwa chake. Alama saba. Ya nane hakuifikia, alipata homa ya uti wa mgongo. Ukuta huu umepakwa rangi mara nyingi, mbao hatukuigusa."

"Na Wilf akaing'oa."

"Ule mlango mrefu unataka ashi iliyonyooka, ndefu, isiyo na fundo. Stoo ya karakana hakuna. Miti inakufa na ugonjwa, kila mtu analia. Yeye aliamka asubuhi, akaona ashi nzuri imesimama jikoni, akaichukua kazini." Alikuwa akisema kwa utulivu, kama anaeleza mapishi. "Alirudi jioni amefurahi. Akaniambia, Nesta, nimepata mbao ambayo sijaona mfano wake. Sikuweza kumkaripia. Angejua alichofanya, Inspekta. Kwa dakika moja angejua."

"Kwa nini hukumwendea Tasker? Angekufungulia mlango ule kwa mkono wake."

"Na angeniuliza ilifikaje humo. Ningemjibu nini? Kwamba fundi wake hapajui jikoni pake? Angemwachisha siku hiyo hiyo, na angekuwa na haki. Nyumbani Wilf haelewi yuko wapi. Pale mezani anaelewa. Nilitaka nivipate vyote viwili, mbao na meza." Akaifunika tena mbao kama anamfunika mtu. "Na hili gari lilikuwa linakwenda Norwe Jumatano. Ningemfuata wapi?"

Prosser aliandika machache. Kisha akauliza lililobaki.

"Mbao nyeupe mliyotia mlangoni. Umesema ashi hakuna."

"Ubavu wa kitanda chetu," alisema Nesta. "Alikitengeneza tulipooana. Ashi kavu kabisa, haitapinda kamwe. Mwambie Conrad asiwe na wasiwasi."

Prosser alimwambia Conrad hayo yote siku hiyo hiyo, ofisini, mlango umefungwa. Hakuficha kitu, kwa sababu milango aliyounda Wilf ilikuwa barabarani na watu ndani yake. Tasker alisikiliza huku akikitazama kiganja chake. Alipozungumza, alisema anafuta mashtaka, na kwamba milango yote ya Wilf tangu majira ya baridi itafunguliwa ikaguliwe, na kwamba yeye mwenyewe atakwenda kumwambia Wilf kuhusu meza. Prosser akamwambia hilo la mwisho aende nalo polepole. Tasker akasema hajui kama kuna njia ya polepole.

Walifungua milango yote. Hawakupata kiungo kilicholegea wala skrubu iliyolala.

Wilf bado huja siku moja moja, Bronwen akimshika mkono, akakaa kwenye ndoo na kuwaambia mafundi kwamba wanakosea. Wanamtukana, naye hufurahi. Lakini randa hapewi.

Hivi ndivyo ilivyogharimu. Nesta Gittins alipewa onyo rasmi la polisi, la kwanza maishani mwake, na Prosser ndiye aliyemsomea. Gari lilikosa meli, mteja akangoja ya pili. Lilipoondoka, ubavu wa kitanda cha arusi ulikwenda nalo, na kitanda chenyewe upande huo kimesimama juu ya matofali. Wilf alipoteza meza yake. Mbao imerudi ukutani jikoni, na mikato iliyo juu yake ni mitano. Wa sita na wa saba ilikuwa kwenye kipande cha juu kilichokatwa kwa msumeno. Kipande hicho kiliingia kwenye jiko la banda la seremala, siku ya baridi, na Wilf aliuota moto wake akinywa chai.