Safu ya Nne ya Vitunguu Saumu

Jua lilikuwa linachwea mshonaji alipoiacha cherehani yake, akachota maji, akatoka kumwagilia vitunguu saumu nyuma ya jiko. Safu nne tu. Alizipanda punje kwa mkono wake, ncha juu, kitako chini, kwa ajili ya mumewe, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Rula. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miezi minane sasa. Watu walisema saumu husaidia, naye mshonaji alishafika mahali pa kujaribu chochote.

Alipofika bustanini akasimama.

Punje zote za safu ya kwanza zilikuwa zimegeuzwa. Ncha chini, vijizizi juu.

Akadhani ni kuku. Akazirudisha. Kesho yake, safu ya pili. Keshokutwa, ya tatu. Kuku gani huyo, anayefukia kwa mstari ulionyooka hivyo?

"Nani anaingia uani kwangu jioni?" alimuuliza jirani yake, muuza mkaa.

Yule mama alikwepa macho yake. "Mimi huona mgongo tu, shoga. Nikajua mzee kapata nafuu, nikasubiri uniambie mwenyewe."

Mshonaji akarudi ndani, akamkuta mumewe hajasogea hata kidogo.

Jioni iliyofuata alijibanza nyuma ya pipa la maji. Harufu ikatangulia... harufu ya udongo wa chini sana, usiowahi kuona jua. Kisha nyayo. Taratibu.

Rula akatoka kwa mlango wa jiko.

Wima.

Akachuchumaa kwenye safu ya nne, akaanza kugeuza punje moja moja, huku akipiga mluzi kama zamani alipokuwa akipiga randa. Kwa miezi minane mkewe alikuwa akimgeuza kitandani kama gogo. Furaha ikampanda kichwani, akili ikakaa pembeni.

"Rula... ni wewe?"

Mluzi ukakatika. Akageuka. Kiharusi kilikuwa kimempinda mumewe mdomo. Mdomo wa huyu ulikuwa umenyooka.

"Nilikuwa nasubiri uniite," akasema, akaingia ndani.

Mshonaji alimfuata mbio. Chumbani hapakuwa na mtu ila Rula, kitandani, vilevile alivyomwacha. Chozi lilimtiririka hadi sikioni. Kucha zake zilijaa udongo. Midomo ilichezacheza, mkewe akainama.

"Si mimi," alinong'ona. "Usimwite."

Mshonaji akamshika mkono kwa nguvu zake zote. Akaukumbatia, akaapa hatalala. Lakini usingizi ulimwiba.

Alipoamka mkono haukuwapo, kitanda kitupu. Uani randa ilikuwa inalia.

Majirani wakamiminika kumpongeza. Rula aliwasalimia wote, akawauliza hali za watoto wao, akacheka. Mkono wake ulikuwa na joto. Mshonaji aliinua godoro, akachungulia mvunguni, akakimbilia bustanini. Udongo wa safu ya nne ulikuwa umetuna, urefu wa mtu aliyelala.

Akapiga magoti, akaanza kufukua kwa vidole.

"Ukichimba, utamkuta amekufa," sauti ikasema nyuma yake, kwa upole kabisa. "Ukiacha, atapumua."

Akaacha.

Alijaribu kusema. Muuza mkaa alimsikiliza, akamshika bega. "Umechoka, shoga. Uuguzi unachosha. Shukuru tu." Angemwambia nani mwingine? Mume alikuwa mzima, anafanya kazi, anamwita kwa jina lake la utotoni.

Miezi ikapita. Majani yakageuka manjano, dalili kwamba ni wakati wa kuacha kumwagilia. Safu tatu zilivunwa, zikaning'inizwa ukutani zikauke. Ya nne aliendelea kuimwagilia kila jioni.

"Utaviozesha hivyo," muuza mkaa alimwambia juu ya ua.

"Vimeshaoza," akajibu.

Akapiga magoti, akamimina polepole, kopo baada ya kopo. Chini, mbali kidogo, kitu kikameza... kikameza tena.

"Mke wangu," Rula aliita kutoka jikoni, "njoo, chakula kinapoa."

Akafuta mikono, akaenda.