Kidonda Puani mwa Modesta

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Winnie alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuosha sufuria za usiku na kumlisha Bosi. Kazi mbili za kwanza alizifanya kwa kununa. Ya tatu aliipenda. Bosi alikuwa mbwa wa kahawia mwenye sikio moja lililolala, na alikula chochote: ukoko wa ugali, vichwa vya sato, hata maganda ya viazi.

Walikaa Igoma, juu kidogo ya barabara ya Musoma. Baba yake Winnie, Ngosha, alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Mama yake alifanya kazi kiwandani Nyakato na alitoka nyumbani alfajiri. Nyumba ya pili alikaa Modesta, rafiki yake wa darasa la sita, pamoja na mama yake Dorotea na mdogo wake Princess mwenye miaka mitano.

"Wee Winnie!" Modesta alikuwa akiita kutoka nje ya geti. "Huyo bosi wako akishashiba, utukumbuke na sisi wafanyakazi wake!"

Winnie alicheka, akanawa mikono, wakaondoka. Ndivyo siku zao zilivyoanza, mwaka mzima.

Mwezi wa Julai gari la matangazo lilipita mtaani. Jumamosi, mbwa wote wapelekwe ofisi ya serikali ya mtaa wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo ni bure. Siku hiyo Ngosha alikuwa na geti la kumalizia.

"Winnie, mpeleke Bosi," alisema. "Ukichanja utapewa kadi. Niletee."

Winnie alimfunga Bosi kamba akaenda naye. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, mbwa wakigombana na wenyewe wakigombana zaidi. Kando ya pale wasichana wa darasa lake walikuwa wakicheza rede. Alimfunga Bosi kwenye nguzo, akasema atacheza mara moja tu. Alipokumbuka kurudi, wachanjaji walikuwa wanafunga masanduku yao.

"Amechanjwa?" Ngosha aliuliza jioni.

"Ndiyo, baba."

"Kadi iko wapi?"

"Wamesema zimeisha."

Ngosha aliitikia kwa kichwa, akaendelea kunawa masizi mikononi. Hakuuliza tena. Alimtuma mwanawe, na mwanawe amemjibu. Kulikuwa na sababu gani ya kuuliza mara mbili?

Katikati ya Septemba Bosi alibadilika. Siku mbili hakula. Alijificha nyuma ya rundo la vyuma chakavu, udenda ukimtoka, akimtazama Winnie kama hamjui. Jumapili mchana Modesta alikuja na Princess. Alikuwa ameleta kichwa cha samaki.

"Mgonjwa wetu hajambo?" alisema, akainama mbele ya Bosi. "Kula, bosi. Nimekuletea sahani yako."

Bosi alimrukia usoni, akamng'ata pua. Princess alipiga kelele akanyoosha mkono kumvuta dada yake, na meno ya Bosi yakampata mgongoni mwa kiganja. Kisha mbwa akatoka mbio getini, akapotea.

Winnie alileta maji kwenye kopo, akammwagia Modesta puani mara moja, akamfuta kwa upande wa kanga. Damu ilikuwa kidogo. Kwa Princess ilikuwa alama mbili tu, kama za kuchomwa na miiba.

"Modesta, usimwambie mama yako," alisema Winnie. "Wakijua wataulizia kadi ya chanjo."

"Si ulisema kadi ziliisha?"

Winnie akaangalia chini.

"We Winnie! Hukumpeleka?"

"Nilimpeleka. Sikungoja."

Modesta alijishika pua, akamtazama rafiki yake. Angeweza kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika.

"Haya," akasema. "Nitasema nimekwaruzwa na seng'enge ya Mzee Otuoma. Lakini umenikosea sana, ujue. Na wewe Princess, usiseme kitu."

Princess alikuwa mdogo. Jioni ile alimwendea mama yake jikoni akamwonyesha mkono. "Mama, nimeumwa mkono."

Dorotea alikuwa anasonga ugali. Neno hilo lina maana mbili, na kila mtu anazijua: kuumwa ni kusikia maumivu, na kuumwa ni kung'atwa. Mama alichukua maana iliyokuwa karibu. Alidhani mkono unamuuma mtoto kwa sababu ya michezo. Akaupulizia, akaupaka mafuta kidogo. "Pole mwanangu, utapoa." Princess alikuwa amesema ukweli, na hakuna aliyemsikia.

Siku ya tatu Bosi alikutwa amekufa mtaroni. Majirani wakasema amekula sumu ya panya. Winnie alilia sana. Lakini katikati ya kulia alijiambia kwamba sasa hakuna wa kuulizia kadi.

Wiki hiyo hiyo watafiti walikuja shuleni. Walikuwa wanachunguza mambo mawili kwa pamoja: magonjwa ya pua kwa watoto, na kama watu wanayafahamu magonjwa yanayotoka kwa wanyama. Daktari alivaa taa kwenye paji la uso, akawa anachungulia pua za wanafunzi mmoja mmoja.

"Okwach, penga kwanza!" walipiga kelele wavulana kwenye foleni. "Utamzamisha daktari!"

Darasa zima lilicheka. Modesta alipofika, daktari alimgeuza uso kwenye mwanga.

"Pua hii imefanya nini?"

"Seng'enge, daktari."

"Inapona vizuri," alisema daktari. Nesi aliyekaa pembeni, jina lake Suzana, aliandika: jeraha, seng'enge. Modesta alipita.

Baada ya pua, kila mtoto aliulizwa maswali kutoka kwenye fomu. Winnie alikaa mbele ya nesi Suzana.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Nyumbani mnafuga mnyama gani?"

"Tulikuwa na mbwa. Amekufa."

Suzana aliinua macho. "Alichanjwa?"

"Ndiyo."

"Mwezi huu, kuna mtu yeyote kwenu au kwa majirani aliyeumwa?"

Winnie alijua anaulizwa nini. Swali la kabla lilikuwa la mbwa, na hili lilikuwa la mbwa. Lakini neno lile lilikuwa na mlango wa pili, naye akaupitia.

"Hapana, nesi. Wote ni wazima."

Foleni nyuma yake ilikuwa bado ya watoto arobaini. Suzana akaandika: hapana. Winnie akasimama. Njiani alijiambia kwamba hakusema uongo, kwa kuwa kweli hakuna aliyekuwa mgonjwa. Alijiambia hivyo mara nyingi. Mtu mwenye ukweli hana haja ya kujiambia mara nyingi.

Wiki ya nne Modesta alianza kujikuna pua. Kidonda kilikuwa kimeshafunga, lakini alisema kinamwasha kwa ndani. Akapata homa. Dorotea alimpeleka zahanati, akapimwa malaria, haikuonekana. Siku iliyofuata alipewa maji ya kunywa, akayasukuma kikombe kikaanguka. Koo lilimkaza kila alipoona maji. Usiku hakulala. Bibi mmoja jirani alisema mtoto ametupiwa kitu, apelekwe kwa mganga. Dorotea alimjibu, "Mganga atakuja kuniona mimi baadaye. Mtoto naenda naye hospitali."

Winnie aliyasikia yote hayo kutoka upande wa pili wa ukuta. Alishika kitasa cha mlango mara mbili ili aende kusema, na mara mbili akakiachia.

Kesho yake Ngosha alimchukua wakaenda hospitalini kumwona mgonjwa. Walizuiwa mlangoni mwa wodi. Dorotea alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga imemwanguka mabegani.

"Daktari ananiuliza kama aling'atwa na mbwa," alimwambia Ngosha. "Nimemwambia hapana. Mbwa wa karibu na sisi alikuwa wenu tu, na wenu alichanjwa."

"Alichanjwa," alisema Ngosha. "Winnie mwenyewe alimpeleka."

Mlango wa jirani ukafunguliwa. Ilikuwa kliniki ya pua, masikio na koo, na aliyetoka alikuwa nesi Suzana. Wenzake wa wodini walikuwa wamemtajia kidonda cha puani, naye alikuwa ameshatafuta fomu zake. Alimtambua Winnie. Akachuchumaa mbele yake hadi macho yakawa sawa.

"Nilikuuliza vibaya siku ile," alisema. "Fomu yetu ilitumia neno lenye maana mbili, na mimi nilikuwa na haraka. Hilo ni kosa letu. Sasa nauliza tena. Ni mbwa gani alimng'ata Modesta?"

Hapakuwa na mlango wa pili.

"Ni Bosi," alisema Winnie. "Sikumchanja. Nilicheza rede."

Ngosha alikaa kwenye benchi kando ya Dorotea.

"Basi mpeni dawa," Winnie alisema, akilia. "Si sasa mmeshajua? Mpeni ile chanjo!"

Suzana hakumficha. "Chanjo hutolewa mara tu mtu anapong'atwa, kabla hajaanza kuugua. Dalili zikishaanza hatuna dawa ya kuurudisha ugonjwa huu nyuma. Tunachofanya kwa Modesta sasa ni kumpunguzia maumivu." Kisha akamshika mabega. "Lakini nisikilize vizuri. Kuna mtu mwingine aliyeng'atwa? Hata kukwaruzwa kidogo?"

Winnie alijifuta uso. Alimtazama Dorotea, ambaye siku hiyo alikuwa anapoteza mtoto mmoja, na sasa ilimpasa kumwambia juu ya wa pili.

"Princess," alisema. "Mkononi."

Dorotea alisimama. "Mkononi," alirudia taratibu. "Aliniambia. Mtoto aliniambia, nikampaka mafuta."

Aliondoka akikimbia kwenda kumfuata Princess kwa jirani. Kabla ya saa kumi jioni mtoto alikuwa ameoshwa mkono kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, na amechomwa sindano ya kwanza. Ilikuwa bado mapema kwake. Winnie naye alichanjwa, kwa kuwa siku alizojaribu kumlisha alishika udenda wa mbwa yule kwa mikono yake.

Modesta alifariki siku ya pili, kabla ya adhuhuri. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Msibani watu walijaa uwanja wote. Wengi walikuwa wameshajua. Ngosha alisimama mbele ya wanaume akasema, "Mbwa alikuwa wangu. Nilimtuma mtoto kufanya kazi ya mtu mzima, halafu sikuifuatilia." Akakaa. Nyumbani hakumpiga Winnie. Siku tatu hakuongea naye, na Winnie aliona heri angempiga.

Princess alimaliza sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa, hakukosa hata moja. Daktari alimchunguza akasema mtoto yuko salama. Jioni ya siku hiyo Winnie alikwenda peke yake kwa Dorotea. Alimkuta anachambua mchele mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Dorotea aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Marahaba. Kaa."

Winnie alipiga magoti badala ya kukaa. "Mama, nisamehe. Ningesema siku ile ile, Modesta angekuwa hai."

"Ndiyo," alisema Dorotea. "Angekuwa hai. Sitakudanganya kwamba si hivyo, uongo umeshatosha katika nyumba hizi mbili." Aliweka ungo chini. "Lakini Princess amelala humo ndani, anapumua, na hilo nalo ni kwa sababu ulisema. Ulichelewa kwa mmoja, ukamwahi mwingine. Utayabeba yote mawili. Mimi nabeba ya kwangu, nilimsikia mwanangu nusu. Kumbuka hili, Winnie: ukweli una saa yake, kama chanjo. Ukiutoa mapema, unaponya. Ukiuchelewesha, unabaki kuwa ukweli, lakini hauponyi tena."

Winnie alilia bila sauti. Dorotea alimwacha alie, kisha akamnyanyua.

"Jumamosi wanachanja mbwa tena. Nimemwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba mimi na wewe tutapita kila nyumba kuwaambia watu. Kwamba mbwa achanjwe. Kwamba ukiumwa na mbwa, hata alama ndogo, osha kwa sabuni na maji ya kutiririka dakika kumi na tano, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo. Wewe ndiye utakayesema."

"Mimi, mama?"

"Wewe. Watakusikiliza kuliko gari la matangazo."

Jumamosi asubuhi wakapita, nyumba kwa nyumba. Kwenye nyumba ya kwanza mwenye nyumba alisema mbwa wake ni mpole, hana haja ya kusumbuliwa. Winnie alikohoa kidogo, sauti ikamtoka nyembamba.

"Hata wa kwetu alikuwa mpole, baba. Kuna mtoto mmoja alimng'ata, na..."

Dorotea alimgusa bega. "Usiseme mtoto mmoja," alimwambia. "Mtaje jina."

Winnie alivuta pumzi.

"Modesta," alisema. "Alikuwa rafiki yangu."

Yule baba alimtazama mama aliyesimama nyuma ya msichana, akaelewa. Aliingia ndani, akatoka na kamba ya kumfungia mbwa wake.