Vijana Wote Wamegoma

Walikutana kwa kupigana kikumbo kwenye ngazi za jengo la maduka, saa ile watu wamefurika. Binti alikuwa mtarizi, gauni la njano limemkaa sawasawa, kompyuta kaikumbatia kifuani. Kijana alikuwa fundi wa kompyuta, shati jeupe, mdomo usiotulia.

"Pole, mrembo. Mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Mashine yangu ya kutarizi haielewani na huu mfumo mpya."

"Basi tutamrudishia wa zamani. Wewe njoo tu umjulie hali."

Binti akaja ofisini kwake, akaja tena, na wala si kwa ajili ya kompyuta. Haukupita muda wakawa wanaitana laazizi na mpenzi, na simu zao hazipoi. Ila kijana alikuwa na kasoro moja: kila kitu kwake mzaha. Binti akimuuliza lini atakwenda kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea, hujibu, "Kompyuta ikipona." Nayo, tangu iwekewe mfumo wa zamani, ilikuwa imepoteza sauti na kuisahau kabisa mashine ya kutarizi.

Asubuhi moja binti akachoka. Akampigia simu. "Leo nataka jibu. Unanioa au hunioi?"

"Laazizi, nipe mpaka mchana."

Mchana ukaingia ujumbe: "Mpenzi, nimekutafutia dereva kila mahali. Vijana wote wamegoma. Nimepata mzee mmoja, mpole, anakufaa kabisa. Jioni namleta umjaribu."

Binti akakimbilia jikoni, simu mkononi. "Shangazi! Mwenzangu ananitafutia mume! Dereva, tena mzee! Eti jioni anamleta nimjaribu!"

"Umjaribu? Kwani wewe gari?" Shangazi akajifunga kibwebwe. "Amlete!"

Jioni kijana akaingia nyumbani kwao ghorofani, peke yake, ananukia marashi, kompyuta begani.

"Huyo mzee yuko wapi?" shangazi akauliza, mwiko mkononi.

"Mfukoni, shangazi." Akatoa flashi. "Dereva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na mashine. Madereva wapya hawaukubali mfumo wa zamani, ndiyo nikamsaka huyu."

Akaunganisha nyaya, akachomeka flashi. Baada ya kitambo mashine ikashtuka, ikaanza kutarizi kwa kelele. Shangazi akashusha mwiko. Binti hakucheka.

"Nimelia mchana kutwa," alisema. "Nakuuliza habari za moyo, unanijibu habari za dereva."

Mzaha ukamwishia kijana. Aliyaona yale macho mekundu, akaona haya, akanong'ona kitu.

"Sisikii!"

Akarudia.

"Paza sauti, mashine inapiga kelele!"

"NATAKA KUKUOA!"

Kumbe shangazi alikuwa ameshaizima mashine. Jengo zima lilisikia, na ghorofa ya juu mtu akapiga makofi.

Binti akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nimekubali, mpenzi. Ila jambo la maana usiniandikie tena. Nipigie."