Sista Milcah wa Soko la Kenyatta

Asubuhi za likizo, Ivyne na mama yake walikuwa na kazi tatu kabla ya chai: kufagia chumba chao cha Kangemi, kuchota maji kwenye bomba la ploti, na kutegeana vitendawili. Mama yake, Rael Namalwa, alisema kichwa cha mtoto kisipopigwa pasi asubuhi hushinda kimekunjamana.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mtoto. Akiwa na njaa hunyamaza kabisa. Akishiba ndipo hulia, na kila mtu humkimbilia."

Ivyne alifikiri huku ameshika ufagio. "Simu! Ikiisha chaji haina neno."

Walicheka, kisha wakaitazama simu ya Rael pale mezani. Ilikuwa imeshiba tangu alfajiri, na haikulia.

Rael alikuwa muuguzi. Kliniki ndogo aliyoitumikia miaka sita ilifungwa mwenye kliniki alipohamia nchi nyingine. Tangu siku hiyo miezi kumi na minne ilikuwa imepita. Alikuwa ametuma barua nyingi hadi akaacha kuzihesabu. Mchana alisuka nywele katika saluni ya rafiki yake Milcah, Soko la Kenyatta, ili chungu kisikose moto. Sare yake nyeupe ilining'inia msumarini, imefunikwa leso, kama mgeni anayesubiri kuitwa ndani.

Jumanne hiyo simu ikalia kweli. Ilikuwa ofisi moja ya Westlands inayowatafutia wauguzi kazi. Familia moja ya Kitisuru ilitaka muuguzi wa kumtunza nyumbani nyanya yao aliyepooza upande mmoja. Rael apeleke wasifukazi wake kesho yake, Jumatano, kisha Alhamisi aende kuhojiwa.

Rael aliandika kwa kalamu kazi zote alizofanya tangu amalize chuo. Chini kabisa akaandika: *Tangu mwaka jana hadi sasa: kusuka nywele, Soko la Kenyatta.* Kwenye nafasi ya watu wawili wa kuulizwa habari zake, aliandika jina moja tu, la Daktari Zedekiah aliyekuwa naye kliniki. La pili aliliacha wazi. Akamtuma Ivyne kwenye duka la kompyuta akaichape karatasi hiyo, kwa kuwa vidole vya Ivyne vilikuwa vyepesi.

Dukani alimkuta Janice, mwenzake wa darasa la saba, akichapa kazi ya likizo.

"Msusi?" Janice alichungulia karatasi, akacheka. "Huyu ni muuguzi ama msusi? Wakiona hivyo wataitupa kwa pipa. Mjomba wangu alisema watu wa ofisi hawapendi kuona pengo kwa kazi."

Ivyne akaona uso unamwaka moto. Akafuta ule mstari wa kusuka. Akaandika kwamba mama yake bado yuko kliniki hadi leo. Kwenye nafasi iliyobaki wazi akaandika: *Sista Milcah, msimamizi wa wauguzi*, pamoja na namba ya simu ya Milcah. Alikusudia kumwambia Milcah baadaye, siku atakayomkuta bila wateja.

Mama yake alifika mbio, anataka kuwahi kabla ofisi haijafungwa.

"Umeandika vile nilivyoandika?"

"Ndiyo, Mama."

Rael akatia sahihi ukurasa wa mwisho, akaondoka.

Alhamisi asubuhi Rael alivaa sare yake akaenda Westlands. Ivyne alibaki saluni akifagia nywele. Milcah alikuwa na chanuo mdomoni na mafuta mikononi simu yake ilipolia, basi akaibonyeza kwa kiwiko, sauti ikasikika saluni nzima.

"Naongea na Sista Milcah?" mwanamke aliuliza kwa adabu.

"Sista? Mimi ni sista wa kila mtu, mpenzi!" Milcah alitoa chanuo mdomoni. "Unataka rasta ama matuta? Saa nane niko na nafasi."

"Nauliza habari za Rael Namalwa. Anafanya kazi hapo kwako?"

"Rael! Anafanya, tena vizuri! Leo ametoka kidogo, ameenda kutafuta kazi nyingine huko Westlands. Lakini huo mkono! Akikusuka, miezi miwili hufikirii kichwa."

"Asante," ile sauti ilisema, na simu ikakatika.

Wateja wakacheka hadi mmoja akashika mbavu. Ivyne peke yake hakucheka. Ufagio ulimtoka mkononi.

Jioni Rael aliingia, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Wamenionyesha karatasi yangu," alisema. "Jina langu limeingia kwenye orodha ya watu wasiopelekwa popote. Hospitali nyingi hapa mjini huuliza ofisi ile kwanza."

Ivyne alimsogelea. "Uliwaambia ni mimi niliyeandika?"

"Sahihi ni ya nani?"

"Yako."

"Basi karatasi ni yangu."

Hakumpiga, wala hakumkemea. Alivua sare, akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi za msimu wa baridi. Kuona sare ikifunikwa na blanketi kulimuuma Ivyne kuliko fimbo.

Siku tatu zikapita hivyo. Rael alikwenda saluni, akarudi, akapika, akalala. Jumapili hakwenda kanisani, akisema kichwa kinamuuma. Ivyne alijaribu kumchangamsha.

"Kitendawili!"

"Niache, mwanangu," Rael alisema akitazama ukuta. "Leo sina hata mji wa kukupa."

Hapo Ivyne aliogopa kweli. Mama yake alikuwa amekosa kazi miezi kumi na minne bila kukosa kitendawili hata asubuhi moja ya likizo.

Jumatatu alimfuata Milcah nyuma ya saluni, akamwambia yote. Milcah alishika kiuno.

"Yaani umenifanya msimamizi wa wauguzi, mimi ninayezirai nikiona sindano?"

"Nisamehe, Anti."

"Mimi nikapiga mdomo, kumbe namzika rafiki yangu!" Macho yalimjaa machozi. Akafungua aproni yake, akaitupa kitini. "Vaa viatu. Twende. Jina langu pia liko kwa hiyo karatasi."

Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne. Bi Virginia, aliyekuwa akiwatafutia wauguzi kazi, alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na mafaili hadi sakafuni. Ivyne alisimama mbele ya meza na kusema kila kitu, bila kumtaja Janice. Milcah aliongeza tu, "Na mimi ndiye sista wa matuta, madam."

Bi Virginia hakutabasamu.

"Unajua kwa nini ninapiga simu?" alimuuliza Ivyne. "Yule nyanya wa Kitisuru hawezi kusema. Wenye nyumba wakienda kazini anabaki na muuguzi peke yake. Muuguzi akiandika amempa dawa saa nne, hakuna wa kumuuliza. Hiyo ndiyo sababu nauliza kabla hajaingia mlangoni."

"Mama hakudanganya, madam. Aliandika kwamba anasuka nywele. Mimi nilifuta. Niliona aibu."

"Aibu ya nini?" Bi Virginia alivua miwani. "Leseni ya mama yako iko hai, niliangalia. Miezi yote hiyo ameilipia na kuhudhuria mafunzo yake, kwa pesa za kusuka. Angeniletea hilo, ningempeleka Kitisuru siku ile ile. Mimi huwaambia watu kila siku: pengo nieleze, nitalielewa. Usinizibie."

"Sasa atapata ile kazi?" Milcah aliuliza.

"Imekwenda. Muuguzi mwingine alianza leo asubuhi. Hiyo siwezi kuirudisha."

Ivyne akalia pale pale, kwa sauti. Bi Virginia alimwacha alie. Kisha akafungua kompyuta, akalitafuta jina la Rael, akalitoa kwenye ile orodha.

"Hilo ndilo ninaloweza. Aje na karatasi mpya, ya kweli, na atafute mtu wa pili aliyefanya naye kazi. Na aisome yote kabla ya kutia sahihi. Hilo ni kosa lake, si lako."

Rael alipoambiwa, hakufurahi wala hakukasirika. Iliwachukua siku tisa kumpata Sista Rachael, muuguzi wa zamani wa kliniki, aliyekuwa amehamia Kakamega na kubadilisha namba. Karatasi ikachapwa upya, mstari wa kusuka ukarudi mahali pake. Kisha wakangoja, wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Simu ilishiba na kunyamaza. Ivyne alikoma kuitazama.

Wiki ya saba Bi Virginia alipiga. Kulikuwa na nafasi katika nyumba ya kutunzia wazee, siku tatu kwa wiki, mahali pa muuguzi aliyekwenda kujifungua. Haikuwa kazi kubwa, na ilikuwa ya miezi mitatu tu. Rael alisikiliza amesimama, akasema asante mara nne.

Aliporudi siku ya kwanza, miguu imevimba, Ivyne alimletea maji ya moto kwenye karai.

"Mama, bado una hasira nami?"

Rael aliingiza miguu majini polepole.

"Leo nilichelewa kumpa mzee mmoja dawa yake, kwa dakika ishirini," alisema. "Nikaandika hivyo kwenye karatasi yake: nimechelewa dakika ishirini. Daktari alipokuja akasoma, akajua la kufanya na dawa iliyofuata. Karatasi inayokiri kosa humsaidia mgonjwa, mwanangu. Ile nzuri yenye uongo ndiyo humuua. Ukishika kalamu, ya shule au ya kazi, andika lililoko. Hata likiwa dogo. Hata likikutia aibu."

Ivyne akainama, akaanza kumkanda miguu.